Nyongeza ya mshahara, kijana wa miaka 15 na siku 14 za kuamua

Kuhusu kisa hiki

Familia hii imekubali kisa chao kiandikwe kwa sharti moja: asitambulike mtu. Nimeondoa majina, mahali, kampuni na sarafu. Fedha zote nimezigeuza kuwa vipimo. Mshahara wa mama unaoingia mkononi kila mwezi, baada ya kodi na makato, nimeuita 100, na kiasi kingine chochote kimepimwa kwa huo. Nikisema usafiri ulikula 11, maana yake ni asilimia 11 ya mshahara huo.

Katika kazi yangu ya kushauri familia kuhusu fedha, nakutana mara nyingi na wazazi wa miaka arobaini na kitu walioletewa swali la kazi wakalijibu kama swali la kazi tu. Kilichonifanya niandike kisa hiki ni jinsi kinavyoonyesha waziwazi kwamba nyongeza inahesabiwa kwa fedha lakini inalipwa kwa jioni, na jioni zenyewe nyingi ni za watu ambao hawakuombwa maoni.

Hali ya nyumbani kabla ya ofa

Mama ana miaka 44. Ametumikia kampuni moja ya usambazaji kwa miaka 16, akaanzia kwenye dawati la karani na sasa anaongoza kitengo cha ununuzi. Mume ana miaka 47, fundi umeme wa kujitegemea. Ukichukua wastani wa mwaka, mume huingiza 40 kwa mwezi, ila wastani huo unaficha mengi: kuna mwezi wa 70 na kuna mwezi wa 10. Kwa pamoja wana 140.

Mkopo wa nyumba ulichukua 32, shule za watoto 22, chakula na mahitaji ya nyumbani 42, usafiri 11, msaada kwa baba mzazi wa mama 8, bima 5, na 6 zilikwenda kwenye mfuko wa hiari wa uzeeni. Hizo ni 126. Zilizobaki 14 hakuna kati yao aliyeweza kusema zinaishia wapi. Akiba ya dharura ilikuwa 170, yaani kama wiki 6 za matumizi.

Baba mzazi wa mama ana miaka 76, mjane, anaishi peke yake mwendo wa nusu saa kutoka kwao. Miezi minne kabla ya ofa alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo mama alipita kwake kila jioni akitoka kazini.

Kijana wao ana miaka 15. Alama zake zilikuwa zimeshuka kwa mihula miwili, amekuwa mkimya, na mara kwa mara alirudi nyumbani giza limeshaingia. Binti mdogo ana miaka 9 na hana shida yoyote. Hivyo ndivyo wazazi wote wawili walivyosema, kila mmoja kwa wakati wake.

Ofa, na wiki ya kwanza

Barua ilimtaka mama awe mkuu wa ununuzi wa kanda, kituo chake cha kazi kikiwa mji ulio saa nne kwa basi. Nyongeza: 34 kwa mwezi. Jibu lilitakiwa ndani ya siku 14.

Jioni hiyohiyo walikaa na kikokotoo cha simu. Mia moja kujumlisha 34, wakapata 134. Walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Miaka 16 si mchezo, na mara mbili mama alikuwa amepitwa na watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Siku ya nne alimwambia bosi wake kwa mdomo kwamba kuna uwezekano mkubwa atakubali.

Siku ya sita walisaini mkopo wa gari. Hoja yao ilieleweka: mama atasafiri kila wiki, na mume angefaidika nalo kubebea vifaa. Mkopo ulikuwa wa 150, kwa miezi 36, riba asilimia 12 kwa mwaka. Marejesho ya 5.7 kwa mwezi yalionekana kitu kidogo mbele ya nyongeza ya 34.

Walikuja kwangu siku ya nane, na hawakuja kwa sababu ya kazi. Walitaka kujua kama wasimamishe mchango wa uzeeni ili ile 6 ianze kuwekwa kwa ajili ya ada ya chuo ya kijana, aliyebakiza miaka mitatu.

Kuanza upya na karatasi

Kabla ya kugusa suala la ada, niliwaomba mambo mawili: makadirio ya hati ya mshahara mpya kutoka ofisi ya rasilimali watu, na taarifa za miezi mitatu za akaunti zote, pamoja na za pesa za simu.

Makadirio yalirudi kesho yake. Ile 34 ilikuwa kabla ya makato. Kwa kuwa kodi ya mshahara katika nchi nyingi hupanda kadiri kipato kinavyopanda, fedha ya nyongeza hukatwa kwa kiwango cha juu kuliko wastani wa mshahara wote. Ukitoa kodi na mchango wa lazima, kilichobaki mkononi kilikuwa 24.

Tukapanga njia mbili walizokuwa nazo. Ya kwanza, mama akae kule siku za kazi na kurudi mwisho wa wiki. Chumba 12, safari 7, chakula cha jiko la pili 5, na mtu wa kumpokea binti mdogo kutoka shule 6. Jumla 30. Nyongeza ya 24 ikageuka kuwa upungufu wa 6 kila mwezi. Ya pili, familia nzima ihame. Wateja wa fundi wa kujitegemea hawahami naye. Mume alikadiria kwamba mwaka wa kwanza kipato chake kingeshuka kutoka 40 hadi 15. Kupangisha nyumba yao na kupanga kule kungewagharimu 2 zaidi. Upungufu wa 3, kabla hata ya kulipia gari la kuhamisha mizigo, na kijana angebadilishiwa shule kabla ya mtihani wake wa mwisho.

Katika hesabu zote hizo marejesho ya gari hayamo.

Kisha tukachora wiki. Karatasi kubwa, siku saba, na kipindi cha saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku kikiwa kimekatwa vipande vya saa mojamoja. Kila kipande niliuliza: nani yuko nyumbani, nani yuko kwa mzee, kijana yuko wapi. Kwa ratiba ya wakati huo mama alijaza vipande vingi kwa jina lake. Kwa ratiba ya kazi mpya, vipande vile vilibaki vitupu, na mume akaanza kuandika jina lake kimoja baada ya kingine mpaka akasimamisha kalamu. Kazi zake nyingi za majumbani hufanyika baada ya saa kumi jioni, wenye nyumba wakiwa wamerudi. Hakuwa amelisema hilo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Katika mazungumzo yote ya wiki ya kwanza ilichukuliwa tu kwamba baba yupo.

Zile 14

Taarifa za akaunti zilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Sehemu ya zile 14 ilikuwa ya kawaida: ada za kutoa fedha, huduma za kila mwezi zilizosahaulika, chakula cha kununua siku ambazo mama alitoka kwa mzee amechoka. Lakini kwenye laini ya simu ya mama kulikuwa na malipo madogo madogo kwa kampuni ya kubeti, mengi, karibu yote usiku. Kwa mwezi yalifika 3.

Mama alimgeukia mume palepale. Laini hiyo hutumiwa kulipia mambo ya nyumbani na namba ya siri wote wawili wanaijua. Mume alikana. Kwa siku mbili hawakuzungumza vizuri, na siku za kujibu barua zilikuwa zinakwisha.

Katika siku hizo mbili niliwapa zoezi alilolieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Badala ya kuuliza kama mpango utafaulu, mnajiweka mbele kwenye kalenda na kuchukulia kwamba mpango umeshakufa. Kila mmoja peke yake anaandika umekufaje. Faida yake ni kwamba mwenye wasiwasi haonekani mpinzani, maana kushindwa kumeshakubaliwa na wote kama sehemu ya zoezi. Nilisema miezi 18 mbele, na niliomba kijana naye apewe karatasi.

Mama aliandika kuhusu baba yake kuanguka tena akiwa mbali. Mume aliandika kuhusu wateja aliowapoteza na kuhusu kijana. Kijana alirudisha karatasi tupu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na baba yake kazini, kama alivyozoea siku za mapumziko. Wakiwa wanavuta nyaya katika nyumba ambayo haijahamiwa, kijana alisema ni yeye. Alikuwa akibeti kwa laini ya mama tangu mwaka uliopita. Kwa kuwa ni mtoto asingeweza kuwa na akaunti yake mwenyewe, akatumia ya mama na kufuta ujumbe. Na kulikuwa na zaidi: alidaiwa 9 na wanafunzi wenzake, na ndiyo sababu ya kuchelewa kurudi, kwa kuwa alikuwa akizunguka njia ndefu kuwakwepa.

Baba hakupiga kelele. Alimaliza kuvuta waya ule, kisha akauliza majina na kiasi. Nililisikia hili kutoka kwa mume mwenyewe, na naliona kuwa tendo lenye thamani kuliko yote katika kisa kizima, kwa sababu kila uamuzi mzuri uliofuata ulijengwa juu yake.

Maamuzi na sababu zake

*Deni la kijana.* Walilipa ile 9 yote kwa wenzake siku mbili baadaye, ili asiendelee kuishi kwa hofu, na kijana akakubali kuirudisha kwa kazi ya Jumamosi na baba yake. Namba ya siri ilibadilishwa, na kampuni ya kubeti ikaandikiwa ifunge akaunti iliyokuwa kwa jina la mama.

Mama alitaka kwenda mbali zaidi: aweke programu ya kumfuatilia kijana kwenye simu, ajue alipo na anachoandika. Niliwaeleza utafiti wa Håkan Stattin na Margaret Kerr uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa kwa vijana wa miaka 14 nchini Uswidi na wazazi wao. Waliona kwamba yale ambayo wazazi walikuwa wanayajua kuhusu maisha ya watoto wao yalitoka zaidi kwa watoto kusimulia wenyewe kuliko kwa wazazi kuwachunguza. Utafiti huo hausemi kwamba kanuni za nyumbani hazina kazi, na ulionyesha uhusiano wa mambo zaidi kuliko kuthibitisha chanzo chake. Lakini kwa familia hii ushahidi ulikuwa mezani tayari: taarifa za akaunti ziliwaonyesha malipo na zikawafikisha kwa mtu asiye na kosa, ukweli waliupata kwa kijana kusema. Wakakubaliana kufunga njia ya fedha kabisa na kuacha simu ya kijana bila programu ya kufuatilia. Nilitofautisha mambo hayo mawili kwa makusudi. Kumzuia mtoto asifikie akaunti ya mzazi ni ulinzi wa kawaida wa fedha, na hakuna haja ya kuuchanganya na kumpeleleza.

*Kazi.* Siku ya 12 mama alipeleka pendekezo la maandishi. Alikubali cheo, kwa masharti: alale kule usiku mbili kwa wiki na siku nyingine afanye kazi kutoka ofisi ya sasa, kampuni ilipie malazi na nauli kama safari ya kikazi, aanze baada ya mwaka wa shule kwisha, yaani miezi mitatu mbele, na baada ya miezi sita mpango uangaliwe upya akiwa na haki ya kurudi kwenye cheo cha daraja lake la sasa. Kampuni ilikataa usiku mbili ikasema tatu. Mengine yote ilikubali, kwa maandishi.

Mama aliniambia alikuwa akiogopa kwamba kuomba masharti kungeonekana kukosa shukrani. Hofu hiyo naielewa, hasa kwa mtu aliyewahi kupitwa mara mbili. Ila mwajiri anayempa mtu wa ndani cheo baada ya miaka 16 ameshapima gharama ya kumtafuta mgeni, na gharama hiyo ndiyo nguvu ya mwombaji mezani.

Hesabu mpya ilikuwa hivi: 24, toa chakula cha kule 3, toa mtu wa kumpokea binti 6, toa 6 ambazo mume angepoteza kwa kufunga kazi saa kumi jioni siku tatu za wiki. Zinabaki 9. Ondoa gari, zinabaki 3 na kidogo. Kwa mwaka wa kwanza hakukuwa na fedha ya maana katika nyongeza hii, na niliwataka waseme hivyo kwa sauti kabla ya kusaini. Walichokuwa wananunua ni daraja la cheo, mchango mkubwa zaidi wa pensheni kwa kuwa hukatwa kwa mshahara mpya, na nafasi ya mama katika miaka 16 iliyobaki hadi afikishe 60. Hayo ni mambo yenye thamani, mradi mtu asiyalipie huku akidhani ananunua kitu kingine.

*Mchango wa uzeeni.* Hapa ndipo tuliporudi kwenye swali lililowaleta. Tuliweka makisio ya faida ya asilimia 8 kwa mwaka, ikikokotolewa kila mwezi. Wakiendelea kuweka 6 kwa miaka 16, wanapata kama 2,320. Wakisimama miaka mitano kisha wakaendelea kwa miaka 11 iliyobaki, wanapata kama 1,260. Fedha watakayoiondoa ni 360. Kitakachokosekana uzeeni ni karibu 1,060. Kupanda kwa bei kutapunguza nguvu ya namba zote mbili, lakini uwiano kati yao utabaki uleule, kwa sababu fedha iliyowekwa mapema ndiyo inayopata muda mrefu wa kuzaa.

Mume ndiye aliyeona kilichokuwa mbele yao muda wote: ile 8 wanayompa mzee kila mwezi. Mzee huyo alisomesha watoto wanne kwa kila alichokuwa nacho. Hakuna mtu katika familia hii anayemlaumu, nami siwezi kumlaumu. Lakini 8 ile inaonyesha kwa usahihi nani hulipa mzazi anapoufikia uzee bila akiba, na kijana wa miaka 15 angekuja kuwa mlipaji wakati naye ana watoto wake. Wakauacha mchango uendelee. Kwa ada ya chuo waliamua kutafuta kozi zisizozidi uwezo wao, kumwambia kijana kiasi watakachoweza kuchangia, na kumwambia mapema, akiwa bado na miaka ya kujipanga.

*Mzee.* Mama aliita kikao cha ndugu zake. Kaka alichukua usiku wa Jumatano na Alhamisi. Dada aliahidi Jumanne. Mzee mwenyewe alikuwepo kikaoni, akaomba kitu kimoja tu, vishikio vya ukutani bafuni, na mume akavifunga wiki hiyohiyo.

Kilichotokea

Miezi 18 imepita tangu mama aanze.

Bado yuko kwenye cheo. Katika tathmini ya miezi sita alionyesha kwa kumbukumbu za kazi kwamba siku moja kati ya zile tatu aliitumia karibu yote kwenye vikao vya simu ambavyo angeweza kuvifanya akiwa popote, na akapewa usiku mbili.

Kijana alimaliza deni lake kwa miezi mitano. Mwezi wa tano huohuo aliteleza, akabeti kwa simu ya rafiki. Safari hii alisema siku ya pili yake, bila kuulizwa. Alama zimepanda katika masomo mawili, hisabati bado iko chini, naye amesema anataka kusomea umeme. Mama hajafurahia sana. Mume amefurahi kupita kiasi. Mazungumzo hayo yanaendelea.

Dada hakutimiza Jumanne zake. Alikuja kwa wiki chache, kisha zikaanza sababu. Kuanzia mwezi wa tatu walimlipa mlezi wa jioni moja kwa 5, na ile 3 ya ziada ikawa upungufu wa karibu 2. Kilichowaokoa ni zile 14: katika hizo walikuwa wameshaokoa 6, nusu ikiwa fedha iliyokuwa inakwenda kwenye kubeti. Wakabaki na 4 za kuweka akiba kila mwezi.

Akiba ya dharura imetoka 170 na kufika kama 240. Ukiitazama hivyo imeongezeka sana. Ukiipima kwa muda, haikwenda mbali. Matumizi yao ya mwezi, ukiacha mchango wa uzeeni na zile 14, yalikuwa 120 na sasa ni karibu 140, kwa hiyo wiki 6 zimekuwa wiki 7 na kidogo, wakati lengo lilikuwa miezi mitatu. Huwa nasisitiza kwamba akiba ya dharura ihesabiwe kwa wiki kwa sababu hii: maisha yakipanda pamoja na mshahara, fedha huongezeka na usalama ukabaki palepale.

Na binti mdogo alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa asubuhi za siku ambazo mama alisafiri. Daktari hakuona ugonjwa. Ilichukua miezi miwili kabla mtu yeyote hajaunganisha tarehe.

Uchambuzi

Nianze na huyo wa miaka 9, kwa kuwa ndiye ambaye mpango ulimwacha nje. Karatasi ya wiki ilikuwa na jina lake, lakini kama mtu wa kupokelewa tu: saa ngapi, na nani. Zoezi la kufikiria mpango umekufa walifanya watatu. Katika nyumba yenye mtoto mwenye matatizo yanayoonekana, mtoto asiyesumbua hugeuka kuwa hifadhi ya utulivu ambayo kila mtu anachota bila kurudisha. Kilichomsaidia kilikuwa rahisi: kalenda ukutani yenye alama ya usiku ambao mama hayupo, simu ya saa moja na nusu jioni ambayo haihamishwi na kikao chochote, na ruhusa ya kusema kwamba hapendi mpango huu. Maumivu ya tumbo yalipungua baada ya wiki kadhaa. Haya yote yangeweza kufanyika kabla ya safari ya kwanza, bila kugharimu chochote.

Mkopo wa gari ndio kosa la fedha lililoacha alama ndefu, na lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ni riba. Asilimia 12 ile ilikokotolewa kwa mkopo wote kwa miaka yote mitatu, kana kwamba hawakuwa wakirudisha kitu: 150 ikazaa riba ya 54. Ingekuwa inakokotolewa kwa salio linalobaki kila mwezi, riba ingekuwa kama 29. Ukiugeuza mkopo wao kuwa wa aina hii ya pili, ni sawa na asilimia 21 hivi kwa mwaka. Swali la kumwuliza mkopeshaji ni kiasi gani kitakuwa kimelipwa siku ya rejesho la mwisho, na kama ukimaliza mapema riba inapungua. Mkataba wao haukuwa na punguzo la kumaliza mapema, kwa hiyo hata baada ya nauli kulipwa na kampuni, hakukuwa na faida ya kuharakisha. Gari linabeba vifaa vya mume, na kinachookolewa humezwa na mafuta na matengenezo.

Sehemu ya pili ni ya hatari zaidi kuliko riba. Gari lilipokuwa limeshachukuliwa, liligeuka kuwa hoja ya kukubali kazi. Mume alisema hivyo wazi siku ya tisa: tumeshachukua gari, turudi vipi nyuma? Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walilionyesha hili mwaka 1985 kwa tiketi za msimu wa maonyesho ya jukwaani. Waliouziwa kwa bei kamili walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopewa punguzo bila kutarajia, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale. Fedha iliyokwisha kutoka huvuta miguu. Ndiyo maana naona ni bora hatua yoyote ya kuitumia nyongeza isubiri hati ya kwanza ya mshahara mpya, na bora zaidi ya tatu.

Masharti yaliyoandikwa ndiyo yaliyofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Haki ya kurudi kwenye daraja la zamani haikutumika, lakini kuwepo kwake kulimpa mama ujasiri wa kudai usiku mbili kwenye tathmini. Linganisha na Jumanne za dada, zilizoahidiwa kwa moyo mzuri kikaoni na zisizoandikwa popote, wala hakuna aliyeuliza nini kitafanyika zikishindikana. Kwa kaka ilikuwa tofauti kwa sababu moja ndogo: aliombwa ataje mwenyewe siku anazoweza. Dada alipewa siku iliyobaki.

Jambo la mwisho ni yale mashaka ya siku mbili. Mama aliona malipo akatafuta mkosaji, na aliyekuwa karibu ni mume. Laiti swali la kwanza lingekuwa ni nani wote wanaoijua namba hii ya siri, huenda kijana angetajwa mapema, ingawa kutajwa kungeweza kumfunga mdomo. Sidhani kuna njia safi hapo. Kilichowasaidia ni kwamba kijana alikuwa na mahali pa kusemea pasipokuwa na macho ya kumkabili: mikono ikiwa kazini, baba akiwa ubavuni, hakuna anayemsubiri ajibu. Jumamosi zile zilikuwa zimeanza miaka miwili kabla, kwa ajili ya kumpa kijana fedha ya mfukoni, na katika pendekezo la kuhama ni kitu ambacho kingepotea bila hata kuandikwa kwenye safu ya gharama.

Marejesho ya gari yatakwisha baada ya karibu mwaka mmoja na robo. Wameshaandikiana 5.7 ile itakwenda wapi: 3 kwenye akiba ya dharura mpaka ifike miezi mitatu ya matumizi ya sasa, na iliyobaki kuchangia jioni ya pili ya mlezi wa mzee, ambaye mwezi uliopita alianza kutumia fimbo.